Mfuma Sweta wa Ruaha Mbuyuni

Shangazi yangu Tekla aliolewa mwaka 1973, huko kwetu Kilolo, siku ya ukungu mzito kiasi kwamba bwana harusi na watu wake walisikika wakiimba muda mrefu kabla hawajaonekana. Bwana harusi alikuwa Liberatus, kijana mrefu, mpole, aliyefanya kazi kwenye kambi ya matengenezo ya barabara kuu kule chini Ruaha Mbuyuni. Lami ya barabara ile ilikuwa bado mpya, na vijana wa kambi walijivunia kuitunza kama watu wanaotunza ng'ombe wa mahari.

Kabla ya posa kukubaliwa, bibi yangu Paskalina, mama yake Tekla, alimkalisha Liberatus kwenye kigoda karibu na moto akamuuliza huko anakompeleka mwanawe kukoje.

"Kuzuri, mama," alisema Liberatus. "Kuna mto, kuna vitunguu, magari yanapita mchana kutwa. Kuna joto kidogo."

Hilo neno "kidogo" bibi alilikumbusha kwa miaka mingi.

Ni lazima ujue Kilolo ili umwelewe Tekla. Kwetu watoto huenda shule asubuhi wakiwa wameficha mikono kwapani, na mwezi wa saba hata mbwa hagombani na mtu kabla jua halijatoka. Tekla alizaliwa humo, na masista wa misheni walimfundisha kufuma sweta tangu akiwa msichana mdogo. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alifuma akitembea, akichota maji, akisubiri maharage yaive. Kwa hiyo alipoolewa, sanduku lake la bati halikujaa vyombo wala vitenge. Lilijaa sweta: za kwake, za mume, na nyingine ndogo ndogo za watoto ambao Mungu angewajalia.

Waliposhuka mlima wa Kitonga kwa basi ilikuwa mwezi wa kumi. Tekla alikuwa amevaa sweta yake ya harusi, rangi ya damu ya mzee, na kitenge juu yake. Kwenye kona ya kwanza masikio yalimziba. Kona zilizofuata alivua kitenge. Kisha akavua sweta. Walipofika bondeni alikuwa amefungua kilemba na anajipepea kwa mkono, na Liberatus anaangalia nje ya dirisha kama mtu anayehesabu mibuyu.

"Liberatus," alisema, "hapa pana moto unawaka?"

"Hapana. Ndiyo Mbuyuni yenyewe."

Walipewa chumba kwenye nyumba za kambi, zilizoezekwa kwa bati. Ukiingia mchana ulihisi umeingia ndani ya sufuria na mtu amekufunika. Tekla aliweka mshumaa wa harusi juu ya meza, ule uliobarikiwa na padri, na baada ya wiki ulikuwa umepinda kichwa kama mzee anayesinzia kanisani. Mafuta ya kupikia, ambayo kwao hukwanguliwa kwa kijiko, hapa yalimiminwa kama maji. Ndugu zake walimtumia ulanzi, pombe ile ya mianzi, ukiwa bado mtogwa, mtamu kabisa, lakini lori lilipofika nao Mbuyuni ulikuwa umechachuka, unafoka povu mdomoni mwa debe. Liberatus na wenzake waliunywa hivyo hivyo wakaimba hadi jua likazama, na Tekla akalia.

Jirani yake alikuwa Benedicta, mama mnene, mchekeshaji, mwenye shamba la vitunguu kando ya mto. Yeye ndiye aliyemshika mkono.

"Mdogo wangu, usilie," alimwambia. "Unajua umekuja mwezi mbaya. Hapa joto lina msimu wake. Ngoja masika."

Masika yakaja. Joto likabaki pale pale, safari hii likiwa limelowa.

"Ngoja mwezi wa sita," alisema Benedicta. "Mwezi wa sita hapa kuna baridi, we! Watu hawaogi."

Tekla akashikilia mwezi wa sita kama mtu anayesubiri mjomba kutoka safari. Wakati huo huo aliendelea kufuma, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure. Jasho la viganja lilifanya nyuzi zigande kwenye sindano, ndipo akabuni njia yake: alikaa chini ya kivuli cha ukuta, miguu yote miwili ndani ya karai la maji, akafuma. Wapita njia walisimama kumtazama. Mwanamke mwenye miguu majini, jua la kuchoma mbuzi, na mapajani sweta nzito ya mikono mirefu! Watoto walimwimbia. Wengine waliamini ni dawa ya kupata mtoto.

Sasa, kwenye stoo ya kambi kulikuwa na kipimajoto, kimetundikwa ukutani kwa ajili ya kazi za lami. Tekla alikuwa amesoma hadi darasa la saba na alikumbuka mwalimu wao akiwafundisha kwamba Kilolo, mchana wa kawaida, hupata nyuzi kumi na nane hivi. Kila Liberatus aliporudi kazini, swali la kwanza halikuwa la chakula wala la habari.

"Leo imesoma ngapi?"

Mwanzoni Liberatus alisema kweli. Thelathini na nne. Thelathini na tano. Aliona jinsi uso wa mkewe unavyoanguka kila anapotaja namba, na moyo wake haukuweza. Siku moja akasema thelathini tu. Tekla akatabasamu kidogo. Kesho yake akasema ishirini na nane. Tekla akapika wali. Kuanzia hapo kijana yule akawa anaishusha hali ya hewa ya Mbuyuni kidogo kidogo, kama mtu anayeteremsha mzigo kichwani, na nyumba yao ikawa na amani.

Tatizo ni kwamba mwili hauamini maneno. Mwezi wa tano Liberatus aliposema kumi na tisa, Tekla alijitazama mikono, akaona jasho linamtiririka hadi kwenye viwiko.

"Kumi na tisa ni kama kwetu," aliwaza. "Basi mimi ni mgonjwa."

Akaenda zahanati. Mganga akampima homa, akamtazama macho na ulimi, akamwambia ni mzima kama chuma. Akarudi nyumbani na wasiwasi wake.

Mwezi wa sita ukaingia. Asubuhi moja Tekla alikuwa anafagia uwanja amevaa gauni jepesi, akaona Benedicta anakuja amejifunika kanga mbili kichwani, mikono kifuani, anakanyaga kama kuku aliyenyeshewa.

"Umeona sasa?" alisema Benedicta huku meno yakigongana. "Si nilikwambia? Baridi hiyo!"

"Ipi?" aliuliza Tekla.

"Hii hapa!"

Tekla alisimama na ufagio wake. Alivuta hewa puani. Ilikuwa hewa nzuri, ya uvuguvugu, kama maji ya kuogeshea mtoto. Kumbe ndiyo ile baridi aliyoisubiri tangu harusi. Hakukuwa na nyingine nyuma yake.

Mchana wake alimpelekea Liberatus chakula kambini. Liberatus alikuwa barabarani na wenzake wanazibua kalavati, kwa hiyo mtunza stoo, Filemoni, akamkaribisha akae kivulini ndani. Tekla akainua macho, akaona kipimajoto ukutani. Akasogea. Kilisoma ishirini na tisa. Jana yake tu mumewe alimwambia kumi na saba.

"Filemoni, kaka yangu, hiki kitu ni kizima?"

"Kizima kabisa, shemeji. Mzee wako hukisoma kila siku kabla hajaondoka. Hukisoma mara mbili mbili, kisha anatikisa kichwa."

Liberatus aliporudi nyumbani alimkuta mkewe amekaa kitandani, mikono mapajani, bila sindano. Hapo alijua mambo yameharibika.

"Leo imesoma ngapi?" aliuliza Tekla.

"Kumi na..." Liberatus alianza, kisha akaona macho yale. "Tekla, niliogopa utaondoka."

"Basi ulikuwa unanidanganya mpaka lini?"

"Mpaka utakapozoea."

Angeweza kucheka hapo hapo. Shangazi mwenyewe alituambia kicheko kilimfika kooni. Lakini alikuwa amechoka na amekumbuka nyumbani, na badala ya kucheka akamgeuzia mumewe mgongo, akalala. Kesho yake alisimama kando ya barabara, akamsimamisha dereva wa lori wa kwao aliyekuwa anapanda Iringa, akamtuma kwa mdomo: "Mwambie mama aje anichukue. Naungua."

Bibi Paskalina alifika mwezi wa saba. Alishuka kwenye basi akiwa na fimbo yake, kwa sababu kwa miaka mingi baridi yabisi ilikuwa imemkamata magoti, na kwenye misa alikuwa anabaki amekaa wengine wakipiga magoti. Alimsalimu mkwewe "kamwene" ya baridi kabisa, akaingia ndani, akatoka mbio kwa lile joto la bati, akaomba kigoda akae nje.

"Tutaondoka nikipumzika," alisema.

Akapumzika siku ya kwanza. Siku iliyofuata aliamka mapema, akaenda uani, akarudi, kisha akasimama katikati ya uwanja akiwa ameduwaa.

"Fimbo yangu nimeiacha wapi?" aliuliza.

Alikuwa ameisahau kitandani. Alikuwa ametembea bila fimbo na hakujua.

Wiki ilipokatika alikuwa anateremka hadi shambani kwa Benedicta, anachuchumaa kwenye matuta ya vitunguu, anasimama, anachuchumaa tena, si kwa sababu kulikuwa na kazi, ila kwa raha ya kuona magoti yanakubali. Jumapili alipiga magoti kanisani pamoja na wengine na akachelewa makusudi kuinuka. Lakini hakusema kitu, na Tekla, aliyekuwa amezama katika kufunga mizigo yake, hakuona kitu.

Siku ya kuondoka walikaa kando ya lami wakisubiri basi litokalo Dar es Salaam. Sanduku la bati lilikuwa katikati yao. Hatua chache kutoka pale Liberatus alikuwa anasafisha mtaro ambao alishausafisha asubuhi.

Basi lilikuja linatoa mvuke kama chungu. Dereva, mtu wa Mbeya aliyeitwa Crispin, alilisimamisha, akafungua mfuniko wa injini, akatangaza kwamba chombo hakiwezi kupanda Kitonga mpaka kipoe. Abiria wote wakashuka kutafuta kivuli. Wengi walikuwa watu wa pwani na walikuwa wamevaa kama watu wa pwani: mashati ya mikono mifupi, kanga, makubazi. Akashuka pia dada mmoja, mwembamba, amembeba mtoto mchanga aliyevaa fulana tu, akakaa karibu na sanduku la Tekla.

"Mnaelekea wapi, dada?" aliuliza Tekla.

"Mbeya, mwenzangu. Mume wangu kapata kazi huko, ndiyo namfuata. Sijapata kufika bara."

"Mbeya? Na mtoto yuko hivi?"

"Ana nini?"

Tekla aliitazama ile fulana. Aliwaza juu ya Mafinga jioni, Makambako giza likiingia, upepo wa Uyole unaoingia kwenye matundu ya madirisha ya basi.

"Dada yangu, hapa ni joto kwa sababu tuko bondeni. Ukishapanda ule mlima pale, ni nchi nyingine. Huko juu sasa hivi asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi. Huyu mtoto hatafika salama."

Yule dada alicheka kwanza, akidhani ni utani wa watu wa bara. Kisha akamtazama Bibi Paskalina, na bibi akatikisa kichwa polepole kuthibitisha. Kicheko kikakatika.

Tekla hakufikiri. Alifungua sanduku palepale kando ya barabara, akatoa sweta ndogo ya njano na kofia yake, akamvika mtoto. Ilimtosha kama aliyepimwa. Mama yake akaanza kulia na kushukuru kwa pamoja, na abiria wengine wakasogea kuona kuna nini. Wakaona sanduku.

"Na mimi, mama! Nakwenda Njombe!"

"Hiyo ya bluu, ndugu yangu, nionyeshe hiyo ya bluu."

"Mimi nilifika Mbeya mwaka jana, niulizeni mimi! Nilijifunika gunia la mchele!"

Crispin mwenyewe alikuja mbio akifuta mikono yenye grisi. Dirisha lake la upande lilikuwa na ufa, alisema, na kila safari bega la kulia hufika Mbeya limekufa ganzi. Alichukua sweta ya kijivu, akaivaa katika jua lile bila kusita, akakaa nayo akitokwa na jasho kwa furaha ili mtu asimnyang'anye. Watu walilipa kwa hiari yao. Injini ilipopoa sanduku lilikuwa tupu. Hata ile sweta ya harusi ilikuwa imekwenda, imevaliwa na mwalimu mmoja mwenye miwani aliyekuwa anahamia Tukuyu.

"Haya, pandeni!" aliita Crispin. "Nanyi akina mama, si mnakwenda Iringa?"

Tekla akamgeukia mama yake. Bibi Paskalina hakuwa ameinuka.

"Mama, basi linaondoka."

"Lione linavyoondoka," alisema bibi. "Mimi nitafanya nini Kilolo? Haya magoti yameniomba msamaha baada ya miaka kumi, niyarudishe tena kwenye ukungu? Wewe nenda. Umwambie kaka yako aje anitembelee huku kwa mkwe wangu."

"Kwa mkwe wako huyu aliyenidanganya, mama?"

"Ndiyo huyo huyo. Mwongo ni mwongo, lakini ana nyumba mahali penye jua."

Kicheko kile kilichokuwa kimekwama kooni tangu mwezi wa sita kikatoka chote. Tekla alicheka hadi akakaa juu ya sanduku tupu. Basi lilipokwisha kuondoka, akamwita mumewe, ambaye alikuwa amesimama mtaroni ameegemea koleo, hajui kama acheke au amshukuru Mungu.

"Wewe! Leo imesoma ngapi?"

"Thelathini na moja," alisema Liberatus, bila kupunguza hata nyuzi moja.

"Haya. Beba sanduku."

Tangu hapo madereva walimjua. Crispin alivumisha habari zake kuanzia Dar hadi mpakani Tunduma: ukifika Mbuyuni, penye joto kuliko pote, muulize mwanamke mwenye miguu kwenye karai. Mabasi yakawa yanasimama pale, na Benedicta, ambaye alikuwa na akili ya biashara kuliko sisi sote, akahamishia meza yake ya vitunguu karibu na karai. Bibi Paskalina alikaa kati yao. Kazi yake ilikuwa kuwatisha abiria. Aliwasimulia baridi ya huko juu kwa namna ambayo hata mtu aliyezaliwa Makete angenunua sweta mbili. Liberatus akapata kazi nyingine: Tekla alizaa mapacha mwaka uliofuata, wa kiume na wa kike, na kwa kuwa mikono ya mama yao ilikuwa na sindano, yeye ndiye aliyewaogesha kila jioni. Wale watoto walikua uchi kama vifaranga vya njiwa. Hakuna aliyewahi kuwaona ndani ya sweta.

Mwaka 1978 nyuzi ziliadimika. Maduka ya Iringa yalikuwa hayana hata donge moja la uzi, na madereva wanauliza. Crispin akaleta habari kwamba Mbeya sokoni kuna duka limepokea mzigo. Tekla akaamua kwenda mwenyewe, na Crispin akamwambia afikie kwake, kwa mkewe Helena.

Alisafiri mwezi wa saba. Alibeba sweta mbili, moja ya kumpelekea Helena na moja ya kuvaa mwenyewe. Walipofika Mafinga mzee mmoja kiti cha nyuma alikuwa anatetemeka hadi kiti chenyewe kinalia, na Tekla akavua yake akampa. Alijiambia: mimi ni mtoto wa Kilolo, baridi ni ndugu yangu.

Walipofika Makambako ndugu huyo alikuwa hamjui tena. Uyole alikuwa amejikunja, magoti kidevuni. Mlangoni kwa Helena alishindwa hata kutoa salamu. Alichoweza ni kunyoosha mkono wenye sweta ya zawadi.

Helena aliichukua, akaitazama, akamtazama mgeni wake mwenye midomo ya kijivu. "Jamani!" alisema. "Mfuma sweta mwenyewe anakufa kwa baridi!" Akamvika ile ile aliyoletewa, akamsukuma jikoni, akamweka mbele ya jiko la mkaa na bakuli la uji wa ulezi. Majirani waliitwa kuja kumwona. Tekla alicheka pamoja nao, pale ambapo meno yalimruhusu. Usiku alijifunika blanketi nne na kesho yake akamuuliza Helena, kwa dhati kabisa, watu wa mji ule wanawezaje kunawa uso.

"Tunazoea," alisema Helena.

"Mimi nimezoea kwingine," alisema Tekla, na aliposikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwake akaongeza uji.

Nyuzi zilipatikana. Muuza duka alikuwa nazo za kutosha, ila za rangi moja. Tekla alinunua alizoweza kubeba, akarudi na basi la asubuhi, mafurushi mapajani. Shida yake yote ilimwishia Kitonga. Kona ya kwanza vidole vilifunguka, ya pili mabega yakashuka, na walipofika bondeni hewa ile ya moto ilimpiga usoni kupitia dirishani, akalala usingizi mzito hata Crispin akalazimika kumwamsha kwa honi.

Mwaka ule wote, kutoka Dar hadi Tunduma, ukimwona dereva amevaa sweta ujue ni ya kijani kibichi. Crispin alikuwa nayo, utingo wake alikuwa nayo, na padri wa Ilula alikuwa nayo pia. Ndiyo rangi iliyokuwepo.